Tajiri anapopeleka sanaa kijijini, ufunguo anashika nani?

Jioni moja mwaka juzi nilikaribishwa kwenye nyumba moja ya Masaki, kwenye baraza linalotazama bahari, tukala sambusa ndogo za saizi ya kidole gumba. Mwenyeji wetu, mfanyabiashara ambaye jina lake halina kazi hapa, alikuwa ametandaza michoro ya ujenzi juu ya meza ya kioo na kuibana kwa glasi nne zisizo na kitu. Anataka kujenga “kijiji cha sanaa” kwao kusini. Kuna ukumbi, karakana za wachongaji, na vyumba kumi na viwili vya wageni, kila kimoja na bwawa lake dogo la kuogelea. Paa zote ni za makuti. Ukutani nyuma yake kulikuwa na chui wa Tingatinga mwenye macho kama taa za bajaji, na pembeni kinyago cha shetani cha mpingo, kirefu kunizidi mimi.

Wageni walisifu, na mimi nikasifu. Kisha nikamuuliza, “Bosi, siku ya pili baada ya kukata utepe, ufunguo atashika nani?”

“Meneja,” akasema.

“Wa kule?”

“Tutatangaza nafasi. Lazima atoke hapa Dar, kule bado.”

Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya saruji. Lakini ile “kule bado” niliondoka nayo, na tangu hapo kila nikisikia habari za tajiri aliyefufua kijiji kwa sanaa, naanza kwa kutafuta nani anashika ufunguo.

Habari zenyewe zipo, na baadhi ni za kweli. Inayotajwa zaidi ni ya Naoshima, kisiwa cha watu wapatao 3,000 katika bahari ya Seto, Japani. Kaskazini yake kuna kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Mitsubishi kilichoanza 1917, na moshi wake uliua miti ya kisiwa na ya visiwa jirani. Teshima, kisiwa cha pili yake, kilifanywa jalala. Kampuni moja ilimwaga huko taka za viwandani kinyume cha sheria kwa miaka mingi hadi 1990, na zilipokuja kuzolewa zilipita tani 900,000. Vijana walikuwa wameshakimbilia Osaka na Tokyo. Ni hadithi tunayoijua, ukibadilisha majina ya miji.

Mwaka 1985 Tetsuhiko Fukutake, mwenye kampuni ya uchapishaji mjini Okayama, alikubaliana na meya wa Naoshima wajenge kambi ya watoto. Mwaka uliofuata akafariki. Mwanawe Soichiro, aliyekuwa akiishi Tokyo, akarudi nyumbani kurithi kampuni, na akairithi ahadi pia. Kampuni hiyo, ambayo siku hizi inaitwa Benesse, ilitajirika kwa kuwatumia wanafunzi kwa posta masomo ya ziada na ya kujiandaa na mitihani. Kwa lugha yetu, ni pesa ya tuisheni. Mzazi analipia hesabu za mtoto wake, na sehemu ya faida inaishia kwenye picha za mchoraji Mfaransa Claude Monet zilizotundikwa kwenye jumba lililochimbiwa ardhini kisiwani. Sisemi ni dhambi. Nasema tu kwamba kila uhisani una mlipaji wake wa kwanza, na mara nyingi hatajwi kwenye kibao cha shaba mlangoni.

Kambi ilifunguliwa 1989. Jumba la sanaa ambalo pia ni hoteli likafuata 1992, kazi ya msanifu Tadao Ando. Lile la Monet, Chichu, likaja 2004. Tamasha la sanaa la visiwa vya Seto lilipofanyika kwa mara ya kwanza, 2010, wageni walihesabiwa zaidi ya 900,000. Hizo ndizo namba zinazowekwa kwenye slaidi za mikutano. Mimi nakaa zaidi kwenye nyumba moja ya zamani katika kijiji cha Honmura.

Nyumba hiyo inaitwa Kadoya. Mwaka 1998 ilikarabatiwa, na ndani yake, pale ambapo watu walizoea kukaa na kula, msanii Tatsuo Miyajima akatengeneza kidimbwi cha maji. Majini akazamisha taa 125 za tarakimu, kila moja ikihesabu 1 hadi 9, kisha inazimika kidogo na kuanza tena. Kasi ya kila taa iliwekwa na mwanakijiji mmoja. Mdogo wao alikuwa na miaka 5, mkubwa wao 95. Nyingine zinakimbia, nyingine zinajikongoja. Mtu wa Honmura anaweza kuingia mle gizani na mjukuu aliyetoka mjini, akanyoosha kidole na kusema, ile pale ni yangu. Hajui kuchora, hana shahada ya sanaa, lakini kuna kitu mle ndani kinakwenda kwa kasi aliyoipanga yeye.

Sasa hesabu miaka. Tangu makubaliano ya 1985 hadi taa za Kadoya ni miaka kumi na mitatu. Tajiri wa kwetu anataka kukata utepe kabla ya uchaguzi.

Na hata Naoshima tusiitie chumvi. Tangu enzi ambazo kiwanda kilikuwa na ajira nyingi, zaidi ya nusu ya watu wameondoka, na sanaa haikuwarudisha. Ilichofanya ni kuwapa waliobaki sababu ya kufungua mkahawa, kukodisha baiskeli, kupaka rangi mlango. Mwaka 1994 liliwekwa mwishoni mwa gati boga kubwa la njano, sanamu ya msanii Yayoi Kusama. Agosti 2021 kimbunga kikalibeba. Oktoba 2022 likawekwa jingine. Kijiji cha wavuvi na wazee kisingeweza kulirudisha. Mfuko wa tajiri ndio uliofanya hivyo. Kwa hiyo ufunguo mkubwa wa Naoshima bado uko kwa taasisi ya Fukutake, na Fukutake mwenyewe alishahamishia makazi yake New Zealand. Kisiwa kina bahati kwamba mwenye ufunguo ana subira. Bahati si mkataba.

Mfano wa pili naupenda zaidi, labda kwa sababu unaanza na kosa. Fogo ni kisiwa cha Newfoundland, Kanada, chenye watu 2,200 hivi ambao mababu zao waliishi kwa samaki aina ya chewa kwa karne nyingi. Mwaka 1992 serikali ya Kanada ilisimamisha uvuvi huo kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha, na maelfu ya watu wa jimbo zima wakabaki wakitazama nyavu. Zita Cobb alizaliwa huko, mtoto wa mvuvi. Aliondoka, akawa mkuu wa fedha katika kampuni ya vifaa vya nyaya za kioo zinazobeba intaneti, akatoka na mamilioni akiwa bado na miaka arobaini na ushee. Angeweza kuishia kwenye mashua yake, na kwa miaka kadhaa alifanya hivyo hasa, akazunguka bahari.

Aliporudi kusaidia kwao alifanya ambalo yeyote kati yetu angefanya: alitoa ufadhili wa masomo. Cobb mwenyewe amesimulia jinsi mama mmoja wa kisiwani alivyomwambia kwamba anachofanya ni kuwalipa watoto wao nauli ya kuondoka. Soma tena maneno ya mama huyo, kisha ufikirie kila mtoto mwenye akili wa Tandahimba au Tunduru aliyefadhiliwa na leo anakaa Mbezi au Goba, akituma hela ya mbolea kwa simu. Tunaita mafanikio, na kwa familia yake ni mafanikio kweli. Kwa kijiji ni kitu kingine.

Cobb na ndugu zake wakaanzisha taasisi ya Shorefast. Wakajenga studio za wasanii juu ya miamba, kisha mwaka 2013 wakafungua hoteli ya vyumba 29 iliyochorwa na Todd Saunders, mzaliwa wa Newfoundland. Usiku mmoja hupita dola 2,000 za Kanada. Ukisikia bei hiyo unasema, basi ni walewale. Nami nilisema hivyo. Lakini viti vya mle ndani vilitengenezwa kisiwani, kwa mbinu zilezile mafundi wanazounganishia mbao za mashua, na mablanketi ya viraka yalishonwa na wanawake wa hapo, waliokuwa wakiyashona tangu zamani kwa ajili ya vitanda vyao. Faida inarudi kwenye taasisi kwa ajili ya kisiwa, haiendi mfukoni mwa Cobb. Mgeni wa hoteli anapewa hata karatasi inayoonyesha bei yake inagawanyika vipi: kiasi gani ni mishahara, kiasi gani ni chakula, kiasi gani kinabaki kisiwani na kiasi gani kinatoka nje. Imechorwa kama zile lebo za viinilishe kwenye makopo. Nionyeshe hoteli moja ya fukwe zetu, ya bara au ya visiwani, inayoweza kumpa mgeni karatasi hiyo bila mwenye hoteli kutokwa jasho.

Kuna jambo la Fogo linalorukwa na wanaosimulia habari za bilionea mwema. Katika miaka ya 1960 serikali ya jimbo ilitaka watu wa visiwa vidogo wahame, waende kwenye vituo vikubwa vyenye huduma. Sisi tuliopitia Operesheni Vijiji, au tuliozaliwa na waliopitia, hatuhitaji tafsiri. Mwaka 1967, mwaka wetu wa Azimio la Arusha, taasisi ya filamu ya taifa ya Kanada pamoja na chuo kikuu cha jimbo walikwenda Fogo kuwapiga picha za filamu wananchi wakizungumza shida zao, kisha wakawaonyesha filamu hizo wao wenyewe, kijiji kwa kijiji. Watu waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya dini na mipaka wakaona kwamba wanasema jambo moja. Wakaunda chama cha ushirika cha wavuvi, wakajenga boti, wakabaki. Sanaa iliyookoa Fogo ilifika miaka arobaini kabla ya mamilioni ya Cobb, na tajiri alikuta watu waliokwisha kuzoea kukaa kikao na kubishana kuhusu mali yao.

Watu wanapomjadili mhisani huanza na maisha yake: gari gani, saa gani, anasafiri na ndege ya nani. Mimi hayo hayaninyimi usingizi. Tajiri mwenye makuu ana nafuu moja, kwamba unamwona akija. Ninayemwogopa ni yule aliyechoka na jiji, anayevaa kubazi na shati la kitani, anayesema anapenda “maisha ya asili”. Huyo atataka kijiji kibaki kama kilivyo kwenye picha za babu yake. Atapenda nyasi na makuti. Mwanakijiji anataka bati, kwa sababu bati halibadilishwi kila baada ya misimu michache, na maji yake ya mvua unaweza kuyakinga kwenye pipa. Hapo ugomvi wa kimyakimya unaanza kati ya mtu anayelala humo siku nne kwa mwaka na mtu anayelala humo kila siku. Tukitaka nyumba za nyasi zisizobadilika tunayo Makumbusho ya Kijiji pale Kijitonyama, tangu 1966. Kiingilio unalipa, unapiga picha, unarudi kwenye daladala. Hakuna anayelala mle na mtoto mchanga masika.

Kwa hiyo swali langu kuhusu mtindo wa maisha ya mhisani ni dogo tu: analala kijijini siku ngapi, na anapokuwa hayupo nani anaweza kusema hapana? David Clement, padri kutoka Kanada aliyejenga makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, hakuwa tajiri wa chochote. Alikaa, akajifunza lugha, akaziacha ngoma za Wagika na Wagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, ziendelee kushindana hadi leo katika sherehe za Bulabo kila Juni. Na Chamwino, Dodoma, tamasha la muziki wa Wagogo linafanyika tangu 2009 chini ya wenyeji wenyewe. Wanawake wanabana ngoma za muheme katikati ya magoti, na vumbi linapanda. Bajeti yake nzima pengine haifikii bei ya yale mabwawa kumi na mawili madogo.

Nirudi kwetu Dar, maana hapa ndipo hesabu inapogeuka. Japani na Kanada tajiri alipeleka sanaa kijijini. Kwetu sanaa ilitoka kijijini ikaja mjini kutafuta kula, na kijiji hakikupata risiti. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru. Alipoanza kuchora, 1968, alitumia vipande vya mbao laini za dari na rangi ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Wanafunzi na ndugu zake waliendelea, wakawa na ushirika uliosajiliwa 1990, na mpaka leo wako Oysterbay, umbali wa kutembea kutoka kwenye baraza lile la sambusa. Wachongaji wa Kimakonde walishuka kutoka uwanda wa Mueda na Newala, wengine wakikimbia ukoloni na vita vya Msumbiji, wakaishia Mwenge. Mashetani tunayoyajua, yale ya viungo vilivyopinda, yalikua katika miaka ya 1950 na 1960 mikononi mwa wachongaji kama Samaki Likankoa, waliouza kwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago wa hapahapa mjini. Mnunuzi alipenda, mchongaji akazidisha. Hilo nalo ni uhisani wa aina yake, na liliipa dunia sanaa mpya. Newala haikupata hata bomba.

Matajiri wetu wanatoa, tusiwanyime haki yao. Mohammed Dewji alitia saini mwaka 2016 ile ahadi ya Bill Gates na Warren Buffett ya kutoa angalau nusu ya mali. Lakini orodha ya kawaida ya misaada ya kijijini unaijua bila kuambiwa: kisima, madawati, bati za zahanati, jezi za timu ya kata, futari. Sanaa haimo, na mimi simlaumu mtu kwa hilo, kisima kwanza. Ninachosema ni kwamba anayeamua kuiingiza asiiingize kama jengo.

Kilwa kuna somo ambalo halina hata picha moja ya kuchora. Vijiji vya huko, Kikole na Kisangi vikiwa vya mwanzo, vilitenga misitu yao kisheria kuwa ya kijiji, vikapimiwa na kuhesabiwa miti kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri. Mpingo, huu unaotengenezewa zumari za klarineti za Ulaya na vinyago vya Mwenge, ukawa unauzwa kwa bei iliyopangwa na kijiji, na fedha zinajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako mama yeyote anaweza kusimama akauliza zile za gogo la mwezi uliopita ziko wapi. Huo ndio ufunguo. Ni mchafu kidogo, una kelele, wakati mwingine mwenyekiti anakula. Ila unakaa kijijini.

Tajiri mwenye akili angeanzia hapo. Angenunua mpingo kwa kijiji kwa bei ya kijiji, akawauzia wachongaji kwa mkopo, akajifunga kununua idadi fulani ya kazi kila mwaka kwa miaka kumi na mitano, na ardhi ya karakana ibaki ya kijiji, yeye awe mpangaji. Hakuna utepe wa kukata hapo, na gazeti halitakuja.

Wiki iliyofuata baada ya ile hafla nilipita Mwenge. Kuna mzee mmoja ninayemfahamu, hukaa mwishoni mwa mstari, chini ya mwarobaini, miguu ikishikilia kipande cha mpingo na tezo ikishuka kwa sauti ileile. Sehemu ya nje ya mti, ile nyeupe, inaruka kama maganda ya muhogo. Kisha weusi unatokea. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamweleza habari za kijiji cha sanaa: karakana, umeme, wageni wa dola.

“Kitakuwa Newala?”

“Huko huko kusini, babu.”

Akachukua msasa, akaanza kulainisha bega la mwanamke aliyekuwa akitoka kwenye gogo. “Mwenyewe atakaa huko?”

Nikasema atakuwa anakuja.

“Mimi nitakwenda mwezi wa nane,” akasema. “Wajukuu wanatoka jando. Wanataka lipiko jipya, la zamani limeliwa na mchwa.” Akanieleza kwamba lipiko hachongi kwa mpingo, kinyago hicho kinavaliwa kichwani na mtu anacheza nacho usiku mzima, kwa hiyo mti lazima uwe mwepesi, mpingo utamvunja mchezaji shingo. Mti wenyewe ameshauagiza, umelazwa kivulini kwa mdogo wake unakauka.

Nikamuuliza atawatoza shilingi ngapi.

Akaacha msasa. Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu nifike, kama mtu anayejaribu kukumbuka mimi ni mtoto wa nani.

“Nani?” akasema. “Wajukuu?”